Namba za kwenye boksi na kiganja cha dogo

"Anko, hii ina DPI 12,800. Hiyo ina 8,000 tu. Sa mbona hiyo ndo ghali?"

Tulikuwa dukani, mjini hapa Dodoma, si mbali na Nyerere Square, saa nane mchana jua limekaa utosini, na mpwa wangu kashika mausi mbili, moja kila mkono. Ya kulia imechomekwa kwenye laptopu ya dukani inawaka rangi zote kama bajaji ya harusi, elfu thelathini na kitu. Ya kushoto ni Logitech G102, nyeusi, imetulia zake, bei zaidi ya mara mbili.

Muuzaji hakusubiri nijibu. "Kaka, kwenye gemu DPI ndo kila kitu. Mchukulie kijana hii, inatoka sana."

Nikafungua mdomo, nikaufunga. Jibu nilikuwa nalo, ila lilikuwa jibu la mtu anayeangalia video za Wamarekani usiku wa manane, limejaa maneno ya kitaalamu, na dogo hakuuliza kitaalamu, aliuliza kwa shilingi. Hela yenyewe kaibana kwenye boom, ile hela ya mkopo wa chuo, na mnajua boom ya mwanafunzi ina kazi ngapi.

Tukatoka bila kununua.

Na swali likanikalia. Niko ofisini naburuza seli za Excel nalifikiria, niko kwenye daladala narudi nyumbani Kisasa nalifikiria. Ukitoa taa, ukitoa boksi zuri, ukitoa jina, mtu anayenunua mausi ya gemu analipia nini hasa?

## Milimita nne

Nianze na namba ya muuzaji, maana ndo imeandikwa kubwa kuliko zote.

DPI ni hesabu ya hatua ambazo mausi inazihesabu ukiisogeza inchi moja, sentimita mbili na nusu hivi. Skrini ya kawaida ina nukta 1,920 kwa upana. Sasa piga hesabu na wewe: ukiweka 12,800, ukisogeza mausi hata milimita nne hazijatimia, mshale umeshatoka ukingo huu wa skrini umefika ule. Milimita nne! Ndani ya hizo ndo ulenge kichwa cha mtu anayekimbia? Kwa 800 safari hiyohiyo inakula sentimita sita, na hapo mkono una pa kukosea na pa kujirekebisha. Ndo maana wale wanaokula mshahara kwa kucheza Counter-Strike, lile gemu la kupigana risasi, wengi wao wanacheza 400 au 800, na mausi zao zina uwezo wa kwenda mpaka elfu ishirini na zaidi. Hawazigusi hizo.

Halafu kuna kitu boksi halisemi. Mausi nyingi za bei chee hiyo namba kubwa hazina kabisa, sensa, kile kidude cha chini kinachosoma mwendo, inahesabu hatua chache, kisha programu ya ndani inazizidisha ionekane nyingi. Mshale unaruka nukta mbili mbili, tatu tatu.

Kwa hiyo mtu anauziwa namba ambayo hataitumia, na pengine haipo.

Hilo lilikuwa rahisi. Ningeweza kumpigia dogo simu siku hiyohiyo nikamwambia achana na taa, nunua ile nyeusi. Ila nikajiuliza, sawa, DPI ni kelele, je hiyo bei mara mbili inatoka wapi?

## Jicho la chini

Chini ya mausi pale panapowaka taa ndogo kuna kamera. Kweli kabisa, kamera ndogo, inapiga picha za meza, inalinganisha picha na picha inajua umekwenda wapi. Sensa moja iliyosifika sana, PMW3360 ya PixArt, kampuni ya Taiwan, inapiga mpaka picha 12,000 kwa sekunde na inaufuata mkono mpaka spidi ya inchi 250 kwa sekunde, yani mita sita na ushee. Zilizokuja baadaye kama 3395 zinataja inchi 650.

We mkono wako unaweza kwenda mita sita kwa sekunde juu ya meza? Labda unafukuza nzi.

Maana yake ni kwamba sensa nzuri zilishaupita mkono wa binadamu kitambo. Ukishavuka mstari fulani, zote zinatosha, kushindana kwa namba hapo ni biashara yao. Kinachotakiwa ni kujua tu kama hii uliyoshika iko juu ya mstari au chini. Na boksi la ile ya taa halikuitaja sensa popote, nililigeuza pande zote.

Kuna njia ya kupima ambayo haihitaji boksi. Fungua Paint, chukua kalamu, chora mistari ya mshazari polepole. Mstari ukitoka unatetemeka, sensa inayumba. Mstari ukitoka umenyooka kuliko mkono wako ulivyokwenda, hapo mausi inakusaidia bila kuombwa, inakunyooshea, na kwenye gemu huo msaada hutautaka. Kisha chora duara kwa kasi, ghafla, uone kama mshale unapotea.

Tatizo ni kumpata muuzaji atakayekubali. Wengi watakwambia ukifungua umenunua, na kwenye risiti pale chini ndo imeshapigwa muhuri kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Mi nashauri ukubaliane naye kabla, au uombe ile ya maonyesho. Akigoma na hiyo, aga kwa heshima, mji huu maduka yapo.

## Kiganja

Hapa ndo nilikwama muda mrefu, maana hapa hakuna namba ya kumwonyesha mtu.

Mpwa wangu ana mikono midogo. Mrefu, ila viganja vyake vidogo, na anashika mausi kwa kukunja vidole, nyuma ya kiganja inagusa kidogo tu. Mimi naweka kiganja chote, nimelala juu yake. Kuna na wale wanaoshika kwa ncha za vidole tu, kiganja kiko hewani. Hizo ni mausi tatu tofauti.

G102 ina urefu wa milimita 116 na ushee. DeathAdder Essential ya Razer inafika 127, ina mgongo mkubwa na imechongwa kwa mkono wa kulia. Tofauti ni sentimita moja tu, unaweza kuidharau, ila mimi nikishika G102 kidole cha mwisho kinaburuza mezani, na dogo akishika DeathAdder yangu inambidi aivute kiganjani ndo afikie vitufe vya mbele. Mausi moja, mmoja anaisifia mwingine anaitukana, na wote wana haki.

(Mashoto wenzangu nawaonea huruma tena. Mausi nyingi zinazoitwa za mikono yote vitufe vya pembeni viko upande wa kushoto peke yake, kwa hiyo dole gumba lako linakaa bila kazi. Mi nilishazoea kulia toka kompyuta ya shule, sikuwa na namna.)

Uzito nao unakuja hapohapo. G102 ni gramu 85, DeathAdder hiyo 96, na Logitech walipotoa mausi yao ya Superlight mwaka 2020 walishuka mpaka chini ya 63. Je, gramu ishirini zinajalisha? Inategemea unacheza nini. Gemu la kupiga risasi, umeweka spidi ndogo, kugeuka nyuma unaburuza mausi nusu meza, unainyanyua, unairudisha, unaburuza tena, masaa mawili ya hivyo gramu utazisikia kwenye kiwiko. Ukiwa mtu wa Dota, lile gemu la kuelekeza shujaa kwa kubofya, vidole ndo vinafanya kazi, mkono umetulia, nunua hata ya gramu mia usihangaike.

Kwa hiyo nikawa nimefika mahali: kiganja kwanza, uzito wa pili kulingana na gemu, sensa iwe tu juu ya mstari. Nikaona nimemaliza.

Sikuwa nimemaliza.

## Sa na ping je?

Usiku mmoja nacheza CS2, yani Counter-Strike 2, mtandaoni, nimelenga vizuri kabisa, nimebonyeza kabla, nimekufa. Nikaangalia kule juu kwenye kona, kwenye namba ya ping, yani muda ambao ujumbe unatoka kwako mpaka kwenye seva, kompyuta inayoendesha gemu, na kurudi.

Seva zilizo karibu nasi ziko Johannesburg. Kutoka Dodoma mpaka huko, hata ukinyoosha mstari wa kunguru, ni kilomita kama 2,400, na mwanga ndani ya nyaya za faiba unakwenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kwenda na kurudi peke yake ni milisekunde 24, na hiyo ni kama waya ungepita mstari ulionyooka, jambo ambalo halipo. Mi siku nzuri naona sabini, themanini. Siku mbaya tusiongee. Na mnaikumbuka ile tarehe 12 Mei 2024, nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zimekatika baharini, hapo hakukuwa na ping ya kulalamikia, hakukuwa na kitu.

Sasa weka hiyo pembeni ya mausi. Ya kawaida ya ofisini inaiambia kompyuta iko wapi mara 125 kwa sekunde, kila baada ya milisekunde nane. Ya gemu mara 1,000, kila milisekunde moja. Siku hizi kuna za mara 8,000, nyingine zinauzwa bei ya pikipiki chakavu, na ulichookoa kutoka elfu moja kwenda elfu nane hakifiki hata milisekunde moja. Skrini ya laptopu ya dogo yenyewe inabadilisha picha mara 60 kwa sekunde, kila picha inakaa milisekunde 16 na ushee.

Yani milisekunde moja ya mausi, kumi na sita za skrini, themanini za Johannesburg.

Nikakata tamaa kidogo. Nikasema nitamwambia dogo achukue yoyote, hela nyingine akale chipsi kuku. Kwa siku kadhaa huo ndo ulikuwa msimamo wangu na nilikuwa najisikia mwerevu kwelikweli.

## Yule wa mausi ya ofisini

Kilichonitoa hapo ni geto la Ng'ong'ona.

Dogo na wenzake wa CIVE, chuo cha mambo ya kompyuta pale Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), wana utaratibu wa kuunganisha laptopu zao kwa waya na kucheza Counter-Strike 1.6, ile ya 2003, gemu ambalo laptopu yoyote inalibeba hata ile ambayo kifuniko chake kimefungwa kwa solotepu. Hakuna Johannesburg hapo, hakuna bando, seva iko chini ya kitanda. Nikakaribishwa. Shikamoo nyingi mlangoni, kisha tukikaa kwenye laptopu hakuna heshima tena, unapigwa risasi ya kichwa na mtoto wa mwaka wa kwanza.

Na aliyekuwa anatupiga wote alikuwa na mausi ya ofisini, ya waya, maandishi yameshafutika, anaisogeza juu ya jalada la kaunta buku.

Dogo akanigeukia. "Anko, sa tunanunua nini?"

Nilinyamaza tena. Ila safari hii nikahamisha kiti nikakaa nyuma ya yule kijana nikamwangalia. Na jinsi nilivyozidi kumwangalia ndo nikaona kitu: yule hageuki. Anachagua kona, anaweka alama yake usawa wa kichwa, anasubiri. Mtu akitokea nyuma yake anakufa bila kujitetea, hata hajaribu. Nikamuuliza mbona hageuki, akacheka. "Ukiivuta haraka inaangalia mbinguni hii, bro. Inapotea. Nimeshaizoea."

Aliponiita bro nilifurahi kuliko nilivyopaswa.

Tukambadilishia. Tukampa mausi ya mwenzake, nyepesi, yenye sensa ya maana. Mwanzo alikuwa anakosa kila kitu, anapitiliza, vijana wakawa wanamcheka wakisema mfalme kavuliwa. Tukapunguza spidi mpaka ikafanana na aliyoizoea, tukatoa na ile alama ya tiki ya Windows inayobadilisha mwendo wa mshale kulingana na kasi ya mkono wako, maana kwenye magemu ya zamani hiyo inaingilia, mpya mengi yanaipita pembeni yanasoma mausi moja kwa moja. Baada ya hapo akatulia. Baada ya muda kidogo akaanza kutoka kwenye kona.

Hakuwa analenga vizuri kuliko mwanzo, hilo niseme wazi. Alikuwa anacheza gemu jingine kabisa. Anapita katikati ya ramani, anageuka, anapigana na wawili. Kumbe ule uchezaji wa kona ambao wote tuliuona ni kipaji chake, nusu yake ilikuwa ni ile mausi imemfundisha asiyoweza.

Hiki ndo kitu ambacho hesabu zangu za milisekunde hazikukiona. Mimi nilikuwa napima mausi inakuongezea nini, na kweli inaongeza kidogo sana. Sikupima inakukataza nini.

## Vumbi

Kitu kingine ambacho wale wa kwenye video hawatakwambia, kwa sababu hawakai huku.

Mwezi wa nane ukifika na ule upepo, funga madirisha, funga pazia, vumbi litaingia. Ukiamka kibodi ina unga mwekundu. Sasa kuna mausi zimetobolewa matundu mgongoni ili ziwe nyepesi, nzuri sana kwa macho, na mtu wa Dodoma akinunua hiyo anajitafutia. Vumbi linaingia kwenye gurudumu, linaingia kwenye vitufe, linakaa juu ya kioo cha sensa na mshale unaanza kurukaruka unasema mausi imekufa kumbe inataka brashi tu. Kwa huku chukua yenye mgongo uliofunikwa.

Na padi ya kitambaa, ile ya kuwekea mausi, ifue. Sabuni kidogo, maji, brashi laini, ianike kivulini, na kwa ukavu wa hewa yetu itakauka mapema. Juani mpira wa chini unakunjamana. Zile nyayo nyeupe za kuteleza chini ya mausi zifute kila wiki, mchanga ukikaa pale unasikia kabisa inakwaruza. Na msije mkaweka mausi juu ya meza ya kioo mkalalamika, sensa za kawaida kwenye kioo hazioni kitu.

## Kubonyeza moja, kupata mbili

Hili nalipitia haraka maana fundi ndo anajua zaidi yangu. Ugonjwa unaoua mausi nyingi za gemu hauko kwenye sensa, uko kwenye swichi za vitufe. Ndani kuna kijibati cha shaba kinachonesa, kikichoka au kikishika kutu unabonyeza mara moja kompyuta inasikia mbili. Folda linafunguka hujaliomba. Unaburuza faili linadondoka njiani. Boksi limeandika kubonyeza milioni ishirini, mara nyingine hufiki popote.

Yangu ilifanya hivyo nikawa najiandaa kuitupa. Fundi simu mmoja pale Majengo akabandua zile nyayo, skrubu zimejificha chini yake, akafungua, akalehemu swichi mpya za Huano, akaniambia bosi hii bado mbichi. Mpaka leo nafanyia kazi. Kwa hiyo kabla ya kununua jiulize kama swichi zake ni za aina ya kawaida zinazopatikana. Kuna za mwanga pia, Razer wanazo kwenye mausi zao kadhaa, badala ya bati kugusana kuna mwale unakatwa, ugonjwa huo hazina, ila zikifa kwa sababu nyingine fundi wetu atakuna kichwa.

Wayalesi je? Siogopi tena. Yenye kidude chake cha USB inatosha kabisa kwa gemu, ile ya bluetooth tupu ndo uikwepe. G305 inatumia betri moja ya AA na Logitech wanasema inafika masaa 250, na betri ya AA ipo kwa Mangi yeyote hata saa nne usiku. Ila ni gramu 99, kwa hiyo rudi kwenye kiganja na kiwiko.

## Alichochukua

Dogo alirudi mjini bila mimi. Alikuwa kapima kiganja chake kwa rula, kajua anashikaje, na alikwenda na laptopu yake mwenyewe ya kuchorea Paint, nasikia muuzaji alimwangalia sana. Kachukua G102, ila siyo mpya. Kaipata kwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho aliyekuwa anauza vitu vyake arudi kwao, kaijaribu usiku mzima kwanza, kaona vitufe viko sawa, kalipa karibu na bei ya ile ya taa.

Sitasema kawa mkali. Anakufa vilevile, ila sasa anakufa akiwa anageuka.

Hela iliyobaki kanunua waya wa intaneti wa mita kumi, kaupitisha dirishani mpaka kwenye ruta ya mwenye nyumba, kwa makubaliano ya kumsaidia mtoto wake hesabu za kidato cha pili. Waya huo Johannesburg haujaisogeza, ila ping haipandi tena kila jirani anapofungua filamu, na kwa mtazamo wangu hiyo ndo hela aliyoitumia vizuri kuliko zote.